Mbwa mmoja, nyumba moja: shajara ya kulea mbwa waliookotwa Kisumu

Tuko sita: mwalimu wa shule ya msingi, dada wa saluni, kijana wa bodaboda, wanafunzi wawili wa chuo, na mimi ninayeuza vitambaa sokoni Kibuye. Hakuna daktari wa mifugo kati yetu. Tunachukua mbwa waliotupwa au walioumia mitaani, tunawalea mpaka wapone, kisha tunawatafutia watu wa kukaa nao. Ninaandika ili anayetaka kuanza kazi hii Kakamega, Busia au hata mtaa wa pili hapa Kisumu asianzie pale tulipoanzia sisi. Gharama ni kwa shilingi, kama zilivyo kwenye daftari letu. Sehemu nyingine nimeziongezea baadaye yale yaliyofuata. Kila mbwa tunampa jina la mahali tulipomkuta, ili tusisahau kurudi kumtafuta mama yake au ndugu zake.

18 Januari 2025: Banda

Mama mmoja wa Mamboleo alituachia kona ya ua wake bila kodi. Mabati kumi ya zamani, nguzo, waya, misumari na fundi wa siku mbili: 21,400. Banda likasimama chini ya mwembe, chumba kimoja kikubwa, mlango mmoja. Tulilipenda sana.

Mbwa wa kwanza walikuwa wanne. Reli, dume aliyevunjika mguu karibu na stesheni ya treni. Steji, dume kijana wa Kondele, mwenye kifua kipana. Jubilee, jike mzee aliyekuwa akilala chini ya meza za soko. Na Obunga, jike mweusi mwenye sikio moja lililokatwa nusu, tuliyemkuta akilamba magamba ya samaki kwenye mtaro.

Minyoo, funza, kupe: kazi ya kawaida, ila kwa kupe tulikosea. Dawa tuliyonunua ilikuwa ya ng'ombe, nasi tukaichanganya kwa kipimo cha ng'ombe. Steji alilegea, akatokwa na udenda, akalala mchana kutwa. Daktari alituelekeza kwa simu tumwoshe kwa sabuni na maji mengi, na jioni akaanza kuinua kichwa. Tangu siku hiyo hakuna dawa inayomgusa mbwa kabla daktari hajasoma karatasi yake.

9 Februari: Chakula

Ugali na omena ndio msingi. Kwa nyama tulitegemea mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishakatwa. Mtaani Obunga kuna akina mama wanaoikaanga na kuiuza, na vichwa na vipande vibaya walituuzia kwa bei ya huruma.

Jumanne Reli akaacha kula. Alikuwa akijikwaruza mdomo kwa miguu ya mbele kama anayefukuza nyuki, mate yakimtiririka, taya likining'inia. Kijana wetu wa boda alimfungua mdomo, akaingiza vidole, akatoa mfupa uliokuwa umekwama kaakaani, umelala kutoka jino hadi jino. Tulishangilia. Daktari aliposikia hakushangilia. Taya kuning'inia na mate kutiririka ni dalili za kichaa cha mbwa pia, na Reli tulikuwa hatujui kama aliwahi kuchanjwa. Virusi vya ugonjwa huo viko mateni, na kidole chenye mkwaruzo mdogo kinatosha kuviingiza mwilini. Mbwa wa namna hiyo afungiwe peke yake na daktari aitwe. Mikono ibaki nje ya mdomo wake.

Mifupa sasa tunaichemsha kwenye sufuria kubwa, jiko la vumbi la mbao, kwa muda wa saa nne au zaidi, mpaka uti wa mgongo ukiufinya unavunjika kama chaki. Kisha mtu anaipitia kwa vidole kabla ya kuichanganya na ugali. Chumvi hatutii, wala vitunguu, maana vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Hili ilibidi tuwaeleze majirani waliokuwa wakituletea makombo yenye mchuzi.

Jambo la pili la chakula lilikuwa baya zaidi. Tulipata unga wa bei ya chini, ule unaouzwa "wa mbwa", kilo 50. Ulikuwa na harufu ya uvundo kidogo na tukasema mbwa hajali. Siku ya sita watatu walikataa kula, wakatapika, na ufizi wa Jubilee ukaanza kuwa wa manjano. Ni sumu ya kuvu, aflatoksini, inayoshambulia ini, na kupika hakuiondoi. Ni sumu ile ile iliyoua watu 125 upande wa Ukambani mwaka 2004 kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Tulifukia kilo 38 zilizobaki. Jubilee alipona, lakini hakurudia uzito wake. Ikiwa unga huwezi kuupikia mtoto wako, usimpikie mbwa.

30 Machi: Parvo

Hii ndiyo sehemu ninayotaka isomwe na kila mtu, na ndiyo ngumu kwangu kuiandika. Parvo ni ugonjwa wa virusi unaowafanya watoto wa mbwa watapike na kuharisha damu.

Jumapili ya 2 Machi, alfajiri, nilipofika Kibuye kupanga vitambaa nilikuta katoni chini ya meza yangu. Ndani kulikuwa na watoto watano wa mbwa, wa wiki saba hivi, wamelaliana. Kabla ya saa nne walikuwa bandani, pamoja na wengine wawili tuliokuwa nao, Lolwe na Nyamasaria. Tuliona ni jambo jema wapate wenzao wa kucheza. Mchana ule ule tulinunua chanjo na kuwachoma wote, tukajihesabu salama.

Ijumaa jioni mmoja wa wale watano hakuja kwenye chakula. Alisimama juu ya bakuli la maji, kichwa chini, pua ikigusa maji, asinywe. Akakaa hivyo dakika nyingi. Nilimbembeleza, nikamlowesha mdomo kwa kidole. Usiku akaanza kutapika povu, na kulipokucha akawa anaharisha damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Kufikia Jumatatu wote saba walikuwa chini.

Tulipanga zamu. Dripu zilining'inizwa kwenye misumari ya banda, na kwa siku tisa hakukuwa na usiku ambao mtu wetu hakulala pale. Watano walikufa. Nyamasaria alikufa mikononi mwa mwalimu saa kumi usiku, na mwalimu akaenda shule asubuhi ile kufundisha. Walipona wawili: Lolwe, na mmoja wa wale wa katoni, tuliyembakizia jina la Kibuye. Daktari, maji ya dripu, dawa za kuzuia kutapika na antibiotiki: 27,650.

Haya ndiyo tuliyoyakosea, kama daktari alivyotufafanulia tukiwa tumeketi nje ya banda tupu.

Chanjo haifanyi kazi siku ile ile. Mwili unahitaji siku kadhaa kujijenga, na ugonjwa ukishaingia hujitokeza kati ya siku tatu na saba. Tena mtoto mdogo bado ana kinga aliyoinyonya kwa mama yake, na kinga hiyo huizima chanjo kabla haijafanya kazi. Kwa hiyo chanjo hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne, mpaka mtoto afike wiki 16. Sindano moja haimkingi.

Halafu ile chanjo yenyewe tuliibeba mfukoni mwa koti, kwa pikipiki, kutoka mjini hadi Mamboleo, saa saba mchana, kwa jua la Kisumu. Chanjo inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Siku hizi tunaibeba kwenye chupa ya chai yenye vipande vya barafu, ikiwa imezungushiwa kitambaa isigusane na barafu, kwa sababu ikiganda inaharibika vilevile.

Kosa kubwa ni kuwaweka wageni na wenyeji pamoja. Mgeni alipaswa kukaa peke yake siku 14.

Kuhusu usafi: virusi vya parvo havifi kwa dawa nyingi za kawaida za kudeki. Tunatumia Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, na tunaiacha ikae dakika kumi. Kwanza lazima uoshe kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke, maana kwenye kinyesi na matope Jik inapoteza nguvu. Mabati, bakuli na viatu tuliviosha hivyo. Udongo hauoshiki. Virusi hukaa ardhini miezi mingi, hata mwaka, na hubebwa kwa nyayo za ndala. Tulikuwa na banda la 21,400 ambalo mtoto wa mbwa hawezi kukanyaga kwa mwaka mzima.

13 Aprili: Kuvunja banda

Mvua za masika zilikuwa zimeanza na ua wa Mamboleo ulikuwa tope. Tulikaa jikoni kwa mama mwenye ua tukijadili sakafu ya saruji, kugawa vyumba, kuongeza mitaro. Mama alikuwa akimenya viazi, akasema, "Wanangu, hata watoto wa watu mkiwaweka ishirini chumba kimoja, mmoja akikohoa wote wanakohoa. Kila mmoja si aende na wake nyumbani?"

Tulivunja banda Jumapili hiyo. Mabati yaliuzwa 7,000.

Tangu hapo ni mbwa mmoja kwa nyumba moja, isipokuwa watoto wa mama mmoja. Kupata nyumba ndiyo kazi. Mwanzoni tuliomba watu "watusaidie kulea", wakaitikia vizuri, na tulipopiga simu hawakushika. Mwanafunzi mmoja akabadilisha maneno. Akawa anasema, "Wiki tatu, mpaka tarehe 4 Mei. Chakula na dawa juu yetu. Tarehe hiyo nikija na wewe hutaki tena, ninaondoka naye." Na kweli tulikuja tarehe hiyo kila mara, hata ilipobidi mimi nilale na mbwa wawili katika vyumba viwili tofauti. Neno lilipotimizwa mara tatu, walezi walianza kutuletea walezi. Tulianza na nyumba nne, leo ziko kumi na moja.

Keateka, yaani msimamizi wa ploti, na mwenye nyumba waambiwe kabla. Mara moja tuliingiza mbwa kimyakimya kwenye ploti ya Manyatta tukitumaini hatabweka. Alibweka. Mlezi alipewa siku tatu ahame, tukaenda sita wote kumwomba msamaha mwenye nyumba. Mlezi alibaki. Mbwa aliondoka.

Mbwa anafika kwa mlezi na kamba, bakuli, daftari na gunia. Daftari ni la kuandika alichokula, alivyopata choo na alichokiogopa. Gunia analalia siku zote, na siku akihama linahama naye bila kufuliwa, kwa kuwa lina harufu yake. Hili tulilijaribu kwa kubahatisha, lakini daftari zinaonyesha wanaokwenda na gunia lao hulala usiku wa kwanza bila kulia.

24 Mei: Majike

Madume yanachukuliwa. Anayepiga simu huuliza swali la kwanza, "Ni dume?" Ukisema jike, anashukuru na kukata. Wanaogopa watoto, na wana haki ya kuogopa: mimba ya mbwa ni siku 63 tu, na jike wa miezi sita au saba anaweza kuingia kwenye joto. Katoni ile ya Kibuye ilikuwa na majike manne kati ya watano.

Kosa letu lilikuwa kumtoa jike kwa ahadi kwamba mwenyewe atampeleka kwa daktari "akipata nafasi". Wawili walitoka hivyo Februari. Mmoja alirudi kwetu Mei akiwa na mimba, na aliyemchukua alilia akimkabidhi, kwa sababu watoto wake wa nyumbani walikuwa wameshampenda lakini mume hakutaka kusikia. Sikumlaumu. Ahadi ile tulimbebesha sisi.

Sasa jike haondoki kwetu kabla hajatolewa kizazi na mshono kukauka. Daktari anatutoza 4,500 kwa jike na 2,500 kumhasi dume. Siku kumi baada ya upasuaji jike asiruke wala asilambe mshono. Kola za plastiki tuliziona ghali, nikashona fulana kwa vitambaa vya mabaki, tundu nne za miguu na kamba mgongoni. Zinafanya kazi vizuri, isipokuwa kwa Obunga, aliyeivua kwa meno usiku wa pili akafungua nyuzi mbili. Alishonwa tena, 1,200. Tuligundua alikuwa akifanya hivyo mlezi anapozima taa tu. Mlezi akaacha taa ya kibarazani ikiwaka, na Obunga akalala.

28 Juni: Steji arudi mwenyewe

Mfanyabiashara mmoja wa upande wa Otonglo alimtaka Steji kwa kifua chake. Alikuja na gari, akalipa 1,000 ya mchango bila kubisha, akasema ana ua mkubwa. Hatukwenda kuuona. Tulikuwa na haraka, mlezi wake wa Migosi alikuwa akisafiri.

Wiki ya tatu, saa kumi na moja alfajiri, mlezi alisikia mkwaruzo mlangoni. Ni Steji. Alikuwa amevuka mji mzima, na shingoni alikuwa na kipande cha mnyororo. Chini ya mnyororo ngozi ilikuwa imechubuka mzunguko mzima, na katika kidonda mlikuwa na mabuu. Aliingia, akaenda moja kwa moja pale gunia lake lilipokuwa zamani, akazunguka mara mbili, akalala juu ya sakafu tupu.

Yule bwana hakuwa mtu katili. Nilipompigia alisema, "Mbwa wa kulinda akizunguka anawazoea watu, hawezi kuwa mkali." Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyoona wazazi wakifanya. Lakini Steji hakuwa mkali na asingeweza kuwa, na sisi tuliomjua hatukusema.

Sasa tunakwenda nyumbani kwa mtu kabla ya kukubali. Hatuulizi "utampenda?" kwa sababu kila mtu atasema ndiyo. Tunauliza atalala wapi mvua ikinyesha, nani atampikia ukisafiri kwenda mazishi, na mbwa aliyetangulia alikufa kwa nini. Hilo la mwisho hutupa habari nyingi kuliko mengine yote. Kisha ni majaribio ya wiki mbili, na mmoja wetu anapita siku ya tatu na siku ya kumi. Anayetaka mbwa wa kulinda tunamweleza kwamba mbwa huwabwekea wageni kwa kuwa amepazoea nyumbani, na mnyororo haumfundishi hilo.

Steji alikaa miezi miwili mingine kwa mlezi. Leo yuko kwa fundi wa baiskeli, analala mlangoni mwa kibanda, hana mnyororo, na usiku anawabwekea wapita njia kama alivyotaka yule bwana wa kwanza.

26 Julai: Mwalimu ang'atwa

Tarehe 12 tulimchukua Dunga, dume aliyekuwa akichechemea karibu na ufuo. Miguu ilikuwa na funza, na mwalimu akaketi naye uani kumtoa, mmoja mmoja, kwa sindano. Dunga alivumilia sita. Wa saba alikuwa ameingia ndani sana kati ya vidole. Mwalimu akafinya, na Dunga akageuka mara moja akamng'ata kiganjani. Hakunguruma kwanza.

Tulichofanya vizuri: mwalimu alienda bombani papo hapo akaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili. Hatukumfunga kidonda, hatukupaka chochote cha jikoni. Kuosha huko kunaondoa virusi vingi kabla havijafika kwenye mishipa ya fahamu, na kichaa cha mbwa dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona.

Tulichofanya vibaya ni kwamba hatukuwa tumeuliza mapema chanjo ya binadamu inapatikana wapi. Kituo cha kwanza hakikuwa nayo, cha pili walisema turudi Jumatatu. Tuliipata duka la dawa saa mbili usiku, 1,900 kwa sindano. Ratiba aliyopewa ilikuwa siku ya 0, 3, 7, 14 na 28.

Dunga hakuuawa, ingawa majirani walitaka. Mbwa aliyeuma akiwa mzima hufungiwa na kuangaliwa siku kumi: kama alikuwa na virusi mateni siku ile, ugonjwa utajionyesha na atakufa ndani ya muda huo. Ukimuua na kumzika haraka unapoteza jibu. Kila jioni nilimpelekea chakula nikiandika: amekula, amekunywa, amenijua. Siku ya kumi alikula, akanijua. Daktari wa mwalimu alimwambia aishie sindano ya tatu. Jumla 5,700, na nauli 800.

Marekebisho: kabla ya kumgusa mbwa mwenye maumivu tunamfunga mdomo kwa utepe mrefu wa kitambaa laini, unazunguka pua mara mbili, unapita chini ya taya, fundo nyuma ya masikio. Dakika chache tu, na asifungwe akiwa anatapika au anahema kwa joto. Tepe hizo ninazikata dukani kwangu. Nambari za vituo vyenye chanjo tunazithibitisha kila mwezi. Na watatu kati yetu tumechanjwa kabla ya kuumwa, sindano mbili, siku ya 0 na ya 7. Watatu waliobaki wanasubiri fedha.

9 Agosti: Mzee wa Kaloleni

Mlezi wetu wa Kaloleni alimpokea Kibuye, yule aliyepona parvo. Wiki ya pili akaniambia mzee jirani, mtu wa msikitini, hana raha. Nilikwenda mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kwa ajili ya mbwa."

"Ndiyo, mzee. Nimekuja kuomba radhi kwanza."

Alinionyesha kiti. "Mimi sina chuki na kiumbe cha Mungu. Lakini udenda wake ukigusa kanzu yangu ninapokwenda kuswali, niioshe mara saba, mojawapo kwa udongo. Na yeye mdogo, ananirukia akifurahi. Nifanyeje?"

Tulikuwa hatujamuuliza jirani hata mmoja. Tuliketi na mzee tukapanga. Kibuye afungwe ndani ya uzio dakika chache kabla ya kila adhana, na mlango wa mlezi unaofunguka kwenye ujia ufungwe moja kwa moja, atumie wa nyuma. Mlezi akamfundisha kuketi kabla ya kusalimiwa: akiruka unampa mgongo, akiketi unampa omena. Ilichukua siku tisa.

Wiki tatu baadaye mzee alinipigia simu. Ana mpwa Kibos mwenye mbuzi, na mbwa wa kulinda mifugo dini haimkatazi. Akataka kujua kama yule mdogo anaweza kujifunza. Kibuye yuko Kibos hadi leo. Mzee ndiye anayenipa habari zake, nikipita kumsalimu.

28 Septemba: Siku ya chanjo

Leo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, iliyowekwa tarehe aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huu ifikapo 2030, na Kisumu ni moja ya kaunti zilizochaguliwa kuanza mapema. Hesabu ya wataalamu ni kwamba asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Daktari wetu alijitolea, sisi tukanunua chanjo.

Saa mbili asubuhi watoto walifika na mbwa kwa kamba za sisal, nyaya, hata mshipi wa shule. Tuliwapanga mstari, na kufikia mbwa wa tisa kulikuwa na mapigano na mtoto amekwaruzwa na kamba. Tukasimamisha kazi. Mwalimu akachukua unga wa chokaa, akachora miduara ardhini, hatua tano kutoka mmoja hadi mwingine, mtoto mmoja na mbwa wake kwa kila mduara, daktari awafuate wao. Hapakuwa na ugomvi tena. Aliyechanjwa alifungwa utepe mwekundu shingoni. Mbwa 43, kwa 200 kila mmoja: 8,600.

Mtoto wa miaka minane hivi alimleta mbwa wake kwa toroli, kwa sababu hakutaka atembee juani.

15 Novemba: Hesabu

Tumepokea mbwa 31. Saba wamekufa: watano wa parvo, mmoja aligongwa na tuktuk akiwa kwa mlezi ambaye lango lake hatukulikagua, na Jubilee, aliyefia usingizini mwezi Agosti kwenye nyumba yenye zulia. Kumi na saba wana makao. Wanne walirudishwa, na wote wanne wamepata pengine, nao wamo kwenye hao kumi na saba. Saba wako kwa walezi.

Matumizi: banda 21,400, chakula 64,300, parvo 27,650, majike tisa 40,500, madume watano 12,500, mwalimu 6,500, siku ya chanjo 8,600, dawa nyingine na mishono 18,900. Ukitoa 7,000 ya mabati, ni 193,350. Sisi sita tunatoa 1,500 kila mwezi kila mmoja, tangu Februari, jumla 90,000. Waliochukua mbwa wamechanga 17,000, marafiki 72,150. Deni la daktari ni 14,200.

Obunga yuko nasi tangu Januari. Ni jike, ni mweusi, ana sikio nusu, na simu zote huishia hapo. Mlezi wake alikuwa akilalamika kwamba Obunga hawezi kuona kuku akikaribia kitu kilichoanikwa. Anamsindikiza mpaka mwisho wa ua, bila kumuuma, kisha anarudi kuketi. Nilimsimulia hilo mama mmoja wa Ahero aliyekuja kununua leso, mama anayeanika mpunga nje na kupigana na mbuzi wa majirani kutwa. Aliacha leso mezani. "Huyo mbwa ni wa nani?"

Mwanafunzi wetu amekwenda kuona ua. Kuna kibaraza kisichovuja, na mbwa aliyetangulia alikufa kwa uzee. Majaribio yanaanza leo mchana, wiki mbili. Kijana wa boda amefika. Kamba, bakuli na daftari viko kwenye mfuko, na gunia nimelikunja bila kulifua.